Shajara Yenye Jalada la Kemia

Leo Mama amegawa shajara yangu.

Kosa ni langu. Niliifunika kwa karatasi ya kaki nikaandika juu "Kemia, Kidato cha Tatu" ionekane daftari langu la zamani la shule, asiifungue.

Kweli hakuifungua. Alimpa Wambui, msichana wa jirani hapa mtaani Jamhuri, akasomee mtihani.

Nilikimbia hadi kwao. Humo nimeandika kwamba sitaki tena kusomea sheria, na Mama tayari ananiita wakili mbele ya kanisa zima.

"Umesoma?" nikamuuliza Wambui.

"Nilitafuta kemia nikakosa. Nikaendelea tu."

"Utamwambia Mama?"

"Mimi? Si ni wewe unasema utamwambia? Kila Jumapili! Kwani ulimwambia?"

Nilichukua shajara yangu.

Nimerudi nyumbani nikaisoma mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Jumapili kumi na moja, ahadi ile ile, hata maneno karibu yale yale.

Ninyi mnaoandika, huwa mnarudi kujisoma? Nauliza kwa dhati. Nilidhani naandika ili nijielewe. Sasa nashuku naandika ili nisiseme.

Mama yuko jikoni, peke yake.

Naenda.