Risasi Waliyoiita Kitu Butu

Sipendi neno mpira likitajwa pamoja na risasi. Anayelisikia mara ya kwanza hudhani ni mchezo, kitu cha kudunda, cha kumwacha mtu na uvimbe wa siku mbili kisha aendelee na shughuli zake. Mimi nilizishika risasi hizo mkononi, nikaziosha damu, nikazipima kwa kidole gumba changu, na zilikuwa ngumu kama kwato la ng'ombe. Nikimsikia mtu akizisifu kwamba ni za huruma, huwa natoka nje kwanza, maana nina hasira za karibu na sitaki kumvunjia mtu heshima nyumbani kwake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilifanya kazi katika kituo kidogo cha afya cha serikali upande wa Makueni, mbali kidogo na barabara ya Mombasa. Mimi ni mzaliwa wa Migwani, Kitui, na wenyeji hawakuchoka kunitania kwa Kikamba changu. Nikisema neno moja wanalirudia kwa mvuto wa Kitui, wanacheka, ndipo wananionyesha jipu. Sikuwa daktari wa digrii. Nilikuwa klinikal ofisa wa mafunzo ya miaka mitatu, lakini huko kila aliyevaa koti jeupe aliitwa daktari, hata mfagiaji wetu akiwa amelivaa kwa sababu ya baridi.

Kiwanja cha soko kilikuwa kimetamaniwa na mkubwa mmoja. Siku ya soko wakaja watu wake na nguzo na seng'enge ili wakizungushie ua, na kina mama wakakaa juu ya magunia yao wakasema hawatoki. Hawakuimba, hawakurusha jiwe. Walikaa tu, na nadhani kukaa kule ndiko kulikowaudhi zaidi wenye nguzo. Saa nane mchana likaja lori la askari.

Nilikuwa nikichanja watoto niliposikia milio. Ndani ya nusu saa walikuwa wamenifikia watu watatu, wote wameumia uso. Wa kwanza alikuwa fundi wa viatu aliyepasuka juu ya nyusi, na huyo nilimshona nikamwambia akae kivulini. Wa pili alikuwa mama mchanga ambaye jicho lake lilikuwa limevimba likafunga. Nilimfungua kope polepole, nikainua vidole na kumwuliza ni vingapi, akasema anaona mwanga peke yake. Nilimfunika jicho nikamtafutia gari la kwenda hospitali kubwa saa ileile, na jicho halikurudi. Nalitaja hapa kwa sababu hakuna mahali pengine lilipowahi kutajwa.

Wa tatu ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa mama wa miaka sitini na zaidi, muuzaji wa ndengu, na alikuja kwa miguu yake akiwa ameshika taya kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuja mke wa mwanawe na gunia lililomwagika nusu. Huyo mkaza mwana ndiye aliyenieleza kwamba mama alipigwa akiwa amelikalia gunia hilo, na askari hakuwa mbali zaidi ya upana wa barabara.

Nilimwita mwaitu, kama ninavyomwita mama aliyenizaa. Naye akaniita mwiitu, yaani binti, ingawa kila neno lilimtoka na mate ya damu. Kwenye shavu la kushoto palikuwa na alama ya mviringo, katikati nyeupe, pembeni nyekundu, kama mtu aliyegandamizwa mdomo wa chupa. Ndani, fizi ilikuwa imechanika na meno ya chini hayakukutana tena na ya juu. Nilimpa kijiti bapa cha kushikia ulimi nikamwambia akiume, kisha nikakipinda kidogo. Alikiachia mara moja. Mwenye taya zima hukiuma mpaka kivunjike, kwa hiyo nilijua mfupa umekatika.

Nilitaka kumpeleka hospitali kubwa pia, akakataa. Habari zilikuwa zimeshafika sokoni kwamba kwingineko waliojeruhiwa na askari walikuwa wakichukuliwa vitandani na kutiwa ndani. Akasema kama siwezi mimi basi atalifunga kwa leso na litajiunga lenyewe. Niliona hatanii. Nikaosha mikono.

Kufunga taya lililovunjika ni kuyafunga meno ya chini kwa ya juu kwa waya mwembamba, mfupa utulie wiki sita. Nilikuwa nimejifunza Nairobi kwenye meno ya plasta, meno mazuri yaliyonyooka kama ya mtu kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Kwa hiyo nilianza mbele, nilivyofundishwa, na waya ukateleza. Nikazungusha tena, ukateleza tena. Jasho likanitoka. Ndipo nikatazama vizuri, nikaona upumbavu wangu. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yamechongwa, marefu na makali nchani, jinsi Wakamba wa rika lake walivyochongwa wakiwa wasichana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo hayohayo, nikakua nikiyaona kila siku, na bado nilikuwa nimejaribu kumfunga huyu mama kana kwamba ana meno ya plasta.

Aliponiona nimegundua, alicheka kwa pua, kwa maumivu. Akanieleza polepole kwamba walichongwa kwa patasi, wakiwa wameketi chini, na aliyelia alichekwa mpaka siku ya kuolewa. Halafu akasema jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi.

"Mwiitu, mimi sikulia ya patasi. Hii waya yako ndiyo itaniliza?"

Nikahamia nyuma, kwenye magego, ambako patasi haikuwahi kufika, na huko waya ukashika. Dawa ya ganzi ilitosha upande mmoja tu. Upande wa pili nilifanya bila ganzi, nikisokota polepole, nikikunja ncha zisimchome shavu, na yeye akitazama dari na kubana kidole changu cha mguu kwa kisigino chake. Nilipomaliza, yeye hakuwa amelia. Mimi ndiye niliyekwenda nyuma ya stoo nikalia kwa hasira, kisha nikarudi kuchanja watoto waliobaki.

Nilimfungia shingoni koleo dogo la kukatia waya, kwenye kamba, nikamwonyesha mkaza mwana mahali pa kukata endapo mama angetapika, maana mtu aliyefungwa taya anaweza kupaliwa na kufa. Chakula kikawa uji, maziwa na mchuzi wa ndengu uliochujwa, vyote kwa mrija, kupitia pengo lililo nyuma ya gego la mwisho. Kila alipokuja kuangaliwa alilalamikia jambo moja. Hakulalamikia askari wala maumivu, alilalamikia muthokoi. Alisema nyumba nzima inatwanga mahindi na kula muthokoi mbele yake bila haya. Alikuwa akisema hivyo meno yakiwa yamebanwa, na baada ya wiki moja sikio langu lilikuwa limemzoea hata nikawa namsikia kuliko watu wa nyumbani kwake.

Siku ya kumi akaja koplo. Nilimfahamu, nilikuwa nimemtibu malaria mara mbili. Alileta P3, ile fomu ya polisi ambayo tabibu hujaza kueleza jeraha. Mchungaji wa kanisa la mama alikuwa amekwenda kituoni kuidai siku tatu mfululizo, na sasa wakaona afadhali itoke, lakini itoke wanavyotaka wao. Koplo akaniambia kwamba mama atashtakiwa kwa kuwarushia askari mawe na kuzua fujo. Kuhusu taya, alisema alianguka kwenye mawe akikimbia. Nijaze upesi, aondoke.

Mama mwenyewe alikuwepo, kwenye benchi la ukutani, akisubiri nimkaze waya. Nilikaa, nikachukua kalamu. Ninaandika haya kwa aibu lakini nayaandika. Penye nafasi ya kutaja silaha, nikaandika kwa Kiingereza kwamba ni kitu butu. Sote tuliandika hivyo siku zile, wa Kitui na wa Makueni. Rungu ni kitu butu, fimbo ya mume ni kitu butu, teke la punda ni kitu butu, hata jiwe alilojikwaa mtu. Halikuwa neno la uongo, na lilikuwa limetuokoa wengi. Nilijiona mwerevu sana. Sikuandika kwamba alianguka, wala sikuandika kwamba alipigwa risasi. Koplo akachungulia begani kwangu, akaridhika, akaanza kusifu mvua.

Mama akanyoosha mkono aione ile karatasi. Nikamwambia ni ya Kiingereza. Akasema basi nimsomee kwa Kikamba. Nikamsomea, na nilipofika pale pa kitu butu nilijisikia nikishusha sauti. Akaniuliza kitu butu ni nini. Nikamwambia ni kitu kisicho na makali. Akaniuliza, jembe? Nikasema hapana, jembe lina makali. Mwiko? Nikasema mwiko unaweza kuwa. Koplo akaacha habari za mvua.

Mama akafungua pindo la leso, pale mama zetu wanapofunga pesa, akaitoa risasi. Alikuwa ameiokota mwenyewe kutoka kwenye ndengu zake, na siku zote kumi alikuwa akitembea nayo. Akaiweka kiganjani mwangu.

"Hii iko na jina?" akaniuliza.

Nikasema inalo.

"Basi iandike."

Koplo akasema nisimsikilize mama mzee mwenye homa. Mama hakuwa na homa, mimi ndiye niliyempima. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, mume asiye na kazi, na mshahara unaotoka serikalini. Nikakata kile nilichoandika kwa mstari mmoja, nikatia sahihi pembeni kama sheria inavyotaka, na juu yake nikaandika kwamba ni risasi ya mpira iliyopigwa kwa karibu, kwamba nimeiona na kuishika. Nikagonga muhuri wa kituo mara mbili, wa pili kwa jeuri tu.

"Umejitafutia, dada," koplo akasema, akaikunja fomu.

Nikamwambia asisahau kumaliza vidonge vyake.

Kesi ilisikilizwa wiki ya tano, waya ukiwa bado mdomoni. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama kuanguka kunaweza kuvunja taya. Nikasema kunaweza. Akasema basi siwezi kujua. Nikasema najua, na nilijibu kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa. Anayeanguka kifudifudi hupiga kidevu, kidevu huchubuka, na mfupa hukatika juu karibu na masikio. Kidevu cha mama hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kilichokuwepo ni alama ya mviringo shavuni, na mfupa ulikatika chini yake palepale. Nikasema mawe ya Makueni nayafahamu, na hakuna jiwe linaloacha alama ya mdomo wa chupa. Watu walicheka, na hakimu akawanyamazisha.

Kisha mama akaitwa ajitetee. Karani aliyekuwa akitafsiri alisogeza sikio, akasogea tena, akasema hasikii chochote, meno yamefungwa. Mwendesha mashtaka akaomba utetezi uchukuliwe kuwa haupo. Nikasimama bila kuitwa. Nikamwambia hakimu kwamba mimi namsikia, kwamba waya ule niliufunga mimi. Hakimu akaniangalia, akafikiri, akaniapisha upya.

"Sema maneno yake tu," akaniamuru. "Usiongeze lako."

Mama akazungumza taratibu, akisimama ili apumue, na mimi nikayatoa kwa Kiswahili yalivyokuwa, nikisema mimi pale aliposema mimi.

"Nilikuwa nimekaa. Sikurusha jiwe. Nilikalia gunia langu kwenye soko letu, na askari akanipiga risasi usoni nikimtazama."

Nilikuwa nimekwepa kuyasema hayo kwa kalamu, na sasa nilikuwa nikiyasema mbele ya askari wenyewe kwa mdomo wangu. Hakimu akauliza kama kuna yeyote aliyeleta jiwe lililorushwa, au shahidi aliyeliona likirushwa. Hakukuwa na jiwe wala shahidi. Mama aliachiliwa kabla ya saa sita.

Hakuna askari aliyewahi kushtakiwa, na yule mama mchanga hakulipwa kwa jicho lake hata kwa neno la pole. Hilo sitalipamba. Kiwanja nacho hakikuzungushiwa ua mwaka ule, maana kina mama walirudi kukikalia. Wiki ya sita nilikata waya, taya likafunga sawa, na ripoti yangu ikasema kwamba mgonjwa amepona. Wiki ya saba ikaja barua ya uhamisho. Nilitakiwa kwenda zahanati ya mwisho kabisa ya Kitui, isiyo na maji wala simu, na yeyote aliyeitia sahihi hakuwa amejisumbua kusoma kwamba alikuwa akinirudisha kwetu.

Nilikaa huko miaka tisa. Niliwashona walioangushwa na punda, waliopigwa na waume zao, waliopigwa na askari, na kwenye kila fomu nikataja kitu chenyewe kwa jina lake. Wakubwa waliniita mkaidi, wakanipandisha cheo kwa kuchelewa. Sijutii hata moja. Ninachojutia ni ile dakika ambayo mama mwenye taya lililofungwa ilibidi aniambie niandike, ilhali mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.