Mama Wanga Mbele ya Mhandisi

Mtaa mzima ulimwita Mama Wanga, na mgeni aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza aliutazama mlango wake kwa wasiwasi. Bure tu. Hakuwa mchawi. Alikuwa dobi wa hospitali, miaka kumi na tisa ndani ya mvuke, na wanga alioujua ni ule wa kutia makoti ya madaktari mpaka yakaribie kusimama yenyewe. Jina alipewa na mumewe, fundi baiskeli, mtu wa utani.

Mumewe huyo aligongwa na lori Jumanne moja, saa tisa alasiri, akivuka barabara kuu akitoka kununua spoku. Hapakuwa na kivuko, wala tuta, wala kibao. Alikuwa mtu wa nne mwaka ule.

Mama Wanga hakulia. Si msibani, si makaburini. Aliosha vikombe vya wageni, na siku ya tano akarudi kazini akakunja mashuka mia mbili, pindo kwa pindo. Wifi yake, dada wa marehemu, alimtazama kwa jicho la pembe.

"Wenzio wanazimia, wewe unakunja nguo."

"Wifi, kwani nifanye nini?"

Hakuwa akijibizana, alitaka kujua kweli. Ndani yake palikuwa pamekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa.

Baada ya miezi miwili walibisha hodi watu wawili: mkunga mstaafu wa kanisani kwake, na mwashi mmoja wa msikitini. Kanisa na msikiti vilikuwa vimeungana, waumini wakipita nyumba kwa nyumba wawili wawili. Hawakuchangisha, hawakuhubiri. Waliuliza tu ni kitu gani cha mtaani kinachomkosesha mtu usingizi.

"Nalala vizuri," alisema Mama Wanga.

Mwashi akaanza kutafuta viatu vyake. Mkunga hakuinuka, kungoja ndiko kulikokuwa kazi yake maisha yote. Mwishowe Mama Wanga akawaambia kwamba kila asubuhi anasimama ukingoni mwa barabara kuu dakika kumi na mbili kabla hajapata upenyo. Juzi zilikuwa ishirini. Watoto wa shule huvuka wameshikana mashati.

"Utayasema hayo mbele ya mhandisi wa jiji?" aliuliza mkunga.

Akakubali kama mtu anavyokubali zamu ya ziada.

Walifanya mazoezi ukumbini mwa kanisa Jumamosi tatu mfululizo. Mkunga alishika saa: dakika tatu, basi. Mara ya kwanza Mama Wanga alipofika penye pakiti ya spoku iliyotawanyika kwenye lami, mwashi alitoka nje kupangusa macho. Mara ya tatu hata padri alilia. Mama Wanga mwenyewe alisema kama anayesoma orodha ya nguo chafu: mashuka kadhaa, foronya kadhaa, mume mmoja. Alijisikia akisema, akashangaa sauti ile ni ya nani.

Habari zikamfikia wifi. "Sasa unamtembeza kaka yangu ukumbini, na chozi huna!"

Mama Wanga alimvutia kigoda. Akamkaribisha chai.

Siku ya mkutano na mhandisi watu walijaa hadi madirishani. Padri alifungua kwa sala, imamu akafuata kwa dua, na mkunga, aliyekuwa mwenyekiti, akamkaribisha Mama Wanga kwenye kipaza sauti. Alisema yake, akamaliza kabla ya muda, kisha akauliza alivyofundishwa: "Mheshimiwa, matuta na kivuko mtatuwekea kabla ya shule kufunguliwa? Ndiyo au hapana?"

Mhandisi alikohoa. "Suala hili liko kwenye mchakato. Upembuzi yakinifu—"

"Ndiyo au hapana, baba," alisema mkunga.

Hapo Mama Wanga alipaswa kurudi kitini. Hakurudi. Alibaki amesimama, macho kwa mhandisi, bila kupepesa. Mhandisi akafungua faili, akalifunga. Dakika nzima ikapita.

"Ndiyo," alisema mwishowe, na tarehe akaitaja, na mwashi akaiandika ubaoni mbele ya watu wote.

Vigelegele vikapasua bati. Watu walimkumbatia Mama Wanga: mama ana moyo wa chuma, amemkazia macho mkubwa mpaka kaiva! Akasema asante, asante. Ukweli alimwambia mkunga peke yake, wakipanga viti. "Sikumkazia mtu. Nilisahau kiti changu kiko wapi."

Mkunga alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka, akamshika mkono.

Tarehe ilipita. Shule zilifunguliwa, barabara ile ile. Padri na imamu, na kanzu zao, wakaenda kuketi ofisini kwa mhandisi mara mbili, waumini nyuma yao kwenye ngazi. Mwezi wa tatu matuta yakamwagwa na mistari myeupe ikapigwa.

Asubuhi moja Mama Wanga alivuka na wifi yake, aliyekuwa akienda kliniki. Lori likapunguza mwendo, likasimama. Katikati ya mistari wifi akashikwa na kilio, akakwama pale pale. Dereva alipiga honi. Mama Wanga alimzungushia mkono, akamvusha hadi ng'ambo, akamwegemeza kwenye ukuta, akangoja amalize. Alitafuta ndani yake chochote kinachofanana na kilio kile, hakukipata.

"Samahani, wifi," alisema.

"Ya nini?"

Hakujua. Akampangusa uso kwa upindo wa khanga, akamshika mkono, wakaenda. Zamu yake ilikuwa imeanza.