Nakala Niliyompa Mwendesha Mashtaka

Mahakama ya watoto mjini Mwanza haikuwa na jengo lake. Ilikuwa ni ofisi ya hakimu, mlango umefungwa, viti vimezunguka meza moja, na mwendesha mashtaka amevua sare ya polisi akavaa shati la kawaida. Sheria ilitaka hivyo ili mtoto asitishike. Niliipenda sana desturi hiyo. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Bukoba, na kwa kuwa watoto wale hawakuwa na wakili, wa kuwasemea nilikuwa mimi. Leo nikilikumbuka lile shati la kawaida napandwa na hasira, maana lilinidanganya mimi kabla ya kumdanganya mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu, mkazi wa Mabatini, aliyelelewa na bibi yake muuza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alishtakiwa kuiba baiskeli ya karani wa ushirika. Miaka ile ya Ujamaa baiskeli ya ushirika haikuwa baiskeli tu, ilikuwa mali ya umma, na wakubwa wa mkoa walikuwa wamechachamaa kuhusu wezi wa mali ya umma. Ilitoweka nje ya duka la ushirika, ikaonekana siku ya tatu katikati ya mawe kule Ilemela, gurudumu la mbele limepinda. Shahidi alikuwa mmoja, mama aliyekuwa kwenye foleni ya sukari, naye aliona mtoto wa kimo kile akiisukuma, tena alimwona mgongo tu. Kwa ushahidi huo angeachiwa. Lakini akipatikana na hatia angepelekwa shule ya maadilisho, mbali kusini, miaka mitatu, na bibi yake alikuwa mzee wa kutembea kwa kushika ukuta. Bibi hakuwa na mtu mwingine.

Siku ya kwanza nilipowatembelea mtoto hakufungua mdomo. Ya pili vilevile. Siku ya tatu niliwakuta wanamenya viazi, nikaketi chini nikaomba kisu, nikamenya nao. Bibi alipotoka kuanika vipande juani, mtoto akapandisha kaptura, akanionyesha kovu bichi pajani, refu kama kidole.

"Ni pedeli," akasema.

Wenzake walikuwa wakimcheka kwamba hajui kuendesha. Akaiona baiskeli imeegemezwa ukutani, akasema moyoni ataizungusha mara moja tu halafu airudishe. Akaisukuma hadi Ilemela, mahali ambapo hakuna anayemjua wa kumcheka, akapanda pale barabara inaposhuka kwenye mawe.

"Breki sikujua iko wapi, mama."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akalia. Alililia gurudumu kuliko alivyojililia mwenyewe. Akaniuliza nitamwambia nani. Nikamjibu kwamba hayo ni yetu, mimi na yeye.

Nilirudi ofisini nikayaandika yote. Najua mtu anayesoma atanishangaa hapa, kwa hiyo nieleze kazi yetu ilivyokuwa. Kila mtoto aliandikiwa taarifa: nyumba anamoishi, anayemlea, tabia yake, na maelezo yake kuhusu kosa. Taarifa ile ilipaswa kukaa kwenye mtoto wa meza, imefungiwa kwa ufunguo, mpaka hakimu aseme mtoto ana hatia. Hapo tu ndipo ilisomwa, ili imsaidie hakimu kuchagua la kumfanyia. Akiachiwa, haisomwi kamwe. Kwangu mimi karatasi iliyofungiwa haikuwa mtu wa kuambiwa siri. Niliandika pajani, niliandika pedeli, niliandika kwamba amejuta, nikapendekeza abaki kwa bibi yake chini ya uangalizi wangu. Nilijiona mwandishi hodari.

Mwendesha mashtaka alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa makuruta pamoja Jeshi la Kujenga Taifa, na siku nilipozimia juani ni yeye aliyenibeba. Mwanza nilikuwa mgeni, nikamfanya kaka. Juma moja kabla ya kesi alikuja ofisini kwangu, akakaa juu ya meza kama kawaida yake.

"Dada, kesi ya yule mtoto wa baiskeli naona haya hata kuisimamia," akasema. "Nataka kuiondoa. Ila bosi wangu ataniuliza, mtoto ana mlezi gani? Hebu nipe taarifa yako nimwonyeshe kwamba yuko mikononi mwa watu."

"Haisomwi kabla ya hukumu. Unajua."

"Kama kesi naiondoa, hukumu itatoka wapi?"

Ilionekana hoja. Nilifungua mtoto wa meza nikampa nakala ya kaboni. Aliisoma akiwa amesimama, akatabasamu kwenye pedeli, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Akasema huyu anarudi shule. Jioni ileile nilipanda Mabatini kumwambia bibi kesi imekwisha. Alinishika mikono yote miwili, akanifungia michembe kwenye kanga kuukuu, nami nikaipokea bila aibu.

Siku ya mahakama nilitegemea kusikia neno moja tu, naondoa mashtaka. Mtoto nilikuwa nimemwelekeza kwamba hata wakimsomea shtaka, hana lazima ya kukiri, aseme si kweli na kunyamaza, kwani kuthibitisha ni kazi ya serikali. Hilo halikuwa kosa, ndiyo sheria. Shtaka likasomwa. Akasema si kweli. Mama wa foleni ya sukari akaeleza habari za mgongo. Nikamtazama rafiki yangu, naye alikuwa akitazama karatasi zake. Kisha akainama kwa mtoto, taratibu, na shati lake la kawaida.

"Mwanangu, hebu pandisha kaptura upande wa kulia."

Mtoto hakupandisha. Aligeuza shingo akanitazama. Hakuniuliza chochote, alikuwa anahesabu tu: aliyeambiwa ni mmoja.

"Mweleze mheshimiwa, pedeli ilikukata wapi?"

Nilisimama nikasema hayo yametoka kwenye taarifa yangu, hayaruhusiwi. Hakimu alinitazama juu ya miwani. Akauliza taarifa imefikaje kwa mwendesha mashtaka. Nikasema nilimpa mwenyewe. Akaniambia nikae. Mtoto akapandisha kaptura.

Bibi, ambaye Kiswahili cha mahakamani kilikuwa kikimpita, alinivuta mkono akauliza, "Wameshaiondoa?"

Taarifa yangu ilisomwa baadaye, kwa utaratibu wake, na pendekezo langu likakataliwa kwa mistari miwili. Hakimu alisema angemhurumia mtoto aliyekosa, lakini huyu amekosa na kuidanganya mahakama pia. Miaka mitatu.

Rafiki yangu alinifuata uani. Alisema agizo lilitoka juu, hakuna kesi ya mali ya umma ya kushindwa mwezi ule. Alisema kazi ni kazi, nisichukulie moyoni. Nilimuuliza kama siku ile alipokaa juu ya meza yangu alikuwa ameshaamua. Akaniuliza kama nitakuja kwenye mkutano wa tawi la chama. Sijawahi kumsamehe, na nimeacha kujaribu. Aliyenibeba juani ndiye aliyeniuza, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuhitaji kuiba chochote. Nilifungua kwa ufunguo wangu.

Kumsindikiza mtoto lilikuwa jukumu la afisa ustawi, yaani mimi. Safari ilichukua siku tatu, treni kisha basi. Nilimnunulia mayai na maandazi kwenye stesheni, akayala. Nilimwomba radhi tulipopita Tabora, nikamweleza habari za mtoto wa meza na nakala na rafiki, maneno mengi. Alisikiliza kwa adabu, kisha akageukia dirisha.

Shuleni tulipokelewa na mwalimu mzee, mpole wa kweli, si wa kuigiza. Alimvutia mtoto kiti, akampa maji, akamngoja anywe. Halafu akasema angependa amfahamu vizuri, amsimulie mwenyewe yaliyomleta, kwa maneno yake.

Mtoto aliweka kikombe chini.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Muulize huyu mama. Mimi nikisema, yanaandikwa."

Mwalimu akanigeukia akisubiri. Faili lilikuwa magotini kwangu, na kumkabidhi mwalimu faili hilo ndiyo kazi iliyonipeleka. Nikamkabidhi.