Nilizifungia Zana Kabatini, Yusta Akafeli Hesabu

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nafundisha hisabati shule ya msingi huku upande wa Usevya, na jina silitaji kwa sababu naona aibu.

Miaka michache nyuma nilitoka semina nina moto kweli. Fundi seremala akanikatia duara za mbao, zingine vipande viwili, zingine vitatu, zingine vinne, za kufundishia sehemu. Nikazipaka rangi. Zilikuwa nzuri, jamani!

Sasa watoto wetu wengine wanakuja shule wametokea kwenye mpunga, mikono matope. Nikaona zitachafuka. Nikazifungia kabatini ofisini, nikawa nazitoa siku wakija wakaguzi tu. Wakishaondoka nakusanya kimoja kimoja, nafunga, narudi kwenye chaki na fimbo.

Darasa la saba nilikuwa na binti, nimwite Yusta. Sehemu zilimshinda kabisa. Siku moja wakaguzi walipokuja, siku ya wageni, akashika vile vipande, akavipanga, akavilinganisha, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kumbe theluthi ni kubwa kuliko robo! Mi nilijua nne ndiyo kubwa."

Wageni wakampigia makofi. Mimi nikasifiwa.

Kesho yake akanifuata ofisini. "Mwalimu, naomba ututolee tena vile vya jana."

"Vile ni vya wageni. Vikipotea utalipa wewe?"

Akarudi wiki ile ile, nikamfukuza. Mara ya tatu nikamchapa viboko viwili, eti msumbufu. Hakuomba tena. Mtihani wa kumaliza shule akafeli, na hesabu ndiyo iliyomwangusha.

Mama yake akaja, kabeba mchele kwenye kitenge. "Shikamoo mwalimu. Siku ile ya wageni Yusta alirudi akatukatia ugali, huyu nusu, huyu robo, tukacheka sana. Nikasema mwanangu kafunguka. Sasa kimetokea nini?"

Kabati lilikuwa nyuma yangu pale pale, na ufunguo ninao mfukoni. Nikamwambia, "Pole mama. Mtoto wako hana kichwa cha hesabu."

Yule mama akanishukuru. Akaniachia na ule mchele, nami nikaupokea. Ee Mungu, nisamehe!

Mwaka huu moyo ulinisuta, nikavibeba vile vipande nikaenda kwao kumwomba Yusta nimfundishe upya, ajaribu tena. Akaniamkia vizuri, akanipa kigoda. Nikavipanga mbele yake. Akaviangalia, hakuvigusa.

"Mwalimu, we mwenyewe ulimwambia mama sina kichwa cha hesabu. Acha tu, nimeshazoea."

Nikamwambia nilidanganya, kosa lilikuwa langu. Akatabasamu kwa heshima, kama mtu anayemfariji mgonjwa, akaendelea kupepeta mchele. Hakuniamini.

Walimu wenzangu, kama mna zana toeni leo, watoto wazishike mpaka zivunjike. Na ukimwangusha mtoto kwa uzembe wako, usiseme hana akili. Mimi nilisema mara moja tu, na katika yote niliyomfundisha Yusta, hilo ndilo alilolishika.