Kikao cha kunifukuza ngazini

Leo kamati ya jengo imekuja kunifukuza ngazini.

Tangu nyumba yetu ya Mji Mkongwe igeuzwe hoteli, nnaishi ghorofani Ng'ambo kwa mwanangu. Jengo zuri, ila aliyelichora kasahau baraza. Basi mie hukaa ngazini na dele langu la kahawa, nikapata watu wa kusema nao.

Mwenyekiti, Bi Rukia, kaanza kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Ngazi ni za kupita, si za kukaa."

"Marahaba. Kaa basi, shingo inaniuma kukutazama."

Akakaa. Na wenzake wakakaa. Nkawamiminia.

Wakanisema mie, kisha wakamsema mchoraji, mpaka adhana ya magharibi.

Uamuzi: marufuku kukaa ngazini.

Kesho wanakaa tena papo hapo, wapange namna ya kunizuia.

Nani analeta kashata?