Karabai Ndani ya Friza

Fundi wa miwani alikuwa na karabai thelathini na moja, na hakuna hata moja aliyowahi kumwashia mgeni. Zilipangwa kwenye rafu katika chumba cha nyuma cha duka lake, pembeni mwa mashine ya kusagia lenzi, kila moja imefunikwa kwa kitambaa kile kile cha manjano alichowapa wateja wafutie miwani yao. Mke wake alizoea kusema kwamba chumba kile kingeweza kuuangaza mtaa mzima, lakini ukitaka kwenda msalani huko nyuma huna budi upapase ukuta. Fundi hakucheka. Utani juu ya taa zake aliupokea kama mtu aliyekanyagwa kwenye kidonda.

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaketi mbele ya ubao wa herufi, alifungua simu na kuingia katika kundi la wapenzi wa taa za kale. Lilikuwa na watu mia kadhaa waliotawanyika katika miji mingi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana. Kilichowaunganisha ni mapenzi ya zile taa za mafuta zinazojazwa upepo kwa pampu, zenye tangi la shaba chini na soksi nyeupe juu inayowaka kwa mvumo kama wa nyuki waliofungiwa. Watu walileta picha, wakauliza, wakajibiwa. Aliyejua namna ya kulainisha ngozi ya pampu iliyokauka alieleza. Aliyekuwa na kioo cha akiba alisema anacho.

Fundi alijua kuliko wote. Hilo hata mahasimu wake walilikiri, na mahasimu hakuwakosa, kwa kuwa hakupata kutoa elimu bila kumchapa nayo aliyeipokea. Mtu akiuliza kwa nini taa yake inafuka moshi, Fundi humweleza sababu, tena sababu ya kweli, kisha humuuliza kama kwao walizoea kukaa gizani. Mwalimu mmoja wa hesabu alionyesha kwa furaha taa aliyoisugua kwa brashi ya waya mpaka ikameremeta. Fundi alimwandikia kwamba amefuta muhuri wa kiwanda pamoja na akili kidogo iliyokuwa imesalia. Kuhusu muhuri alisema kweli. Mwalimu yule hakuonekana tena, na taa zake nyingine, ambazo huenda mihuri yake ilikuwa ingali mizima, zikabaki mikononi mwa mtu mwenye brashi ya waya na asiye na wa kumwuliza.

Mwanzilishi wa kundi, mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu ambaye wote walimwita Mwenyekiti, alivumilia hadi uvumilivu ukamwishia. Akaweka sharti moja tu: ujumbe wenye tusi utafutwa wote, uwe na dhahabu ndani au usiwe nayo, na mwandishi wake atafungwa mdomo kundini kwa siku nzima. Aliandika kwamba yeye hakustaafu kazi ili aje kuwachambulia watu wazima mchele wao.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta dada yake Fundi siku alipojiunga.

Aliingia kwa jina la Bi Barafu, maana aliuza barafu na vinywaji baridi katika duka la mtaa wa pili, lenye friza mbili kubwa. Fundi alimtambua papo hapo, kwani picha aliyoituma ilikuwa ya karabai ya baba yao. Ndiyo taa iliyomfanya azipende taa nyingine zote, na ndiyo pekee aliyoikosa. Baba yao, siku zake za mwisho, alitamka mbele ya jamaa wote kwamba taa ibaki kwa binti, kwa kuwa binti ndiye atakayekaa na mama. Fundi alilipokea neno lile kama kofi la hadharani. Tangu mazishi, ndugu hao wawili walipashana habari kupitia kwa mke wa Fundi, kama nchi mbili zilizofungiana balozi. Dada alikuwa amemzuia kaka yake kwenye simu, na kaka akawa anajigamba kwamba amepumzishwa.

Siku hiyo ya Alhamisi Bi Barafu aliwasalimu wote kwa heshima, akaeleza kwamba taa ni ya marehemu baba yake na kwamba ina mbonyeo mkubwa ubavuni. Mama yao macho yanamwishia. Ameomba aione mara moja tena kama ilivyokuwa siku alipoingia nayo nyumbani kwa mumewe, kabla nuru haijamtoka kabisa. Je, mbonyeo hutolewaje bila kuiharibu taa?

Fundi aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama. Habari ya macho ya mama hakuhitaji kuambiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyempima mwaka hadi mwaka, akimwongezea nguvu ya lenzi, mpaka siku alipokosa lenzi ya kumfaa. Jibu la swali pia alikuwa nalo. Mbonyeo wa namna ile hutolewa kwa kulehemu kijiti cha chuma katikati yake, kisha kukivuta polepole. Na juu ya hayo alijua jambo ambalo hakuna kiumbe mwingine aliyelijua. Kitako cha tangi lile kiliwahi kuachia. Baba alimchukua yeye, angali mtoto, wakaenda pamoja kwa mfua bati mmoja, naye sasa marehemu, aliyekilehemu upya. Dada yake hakuwa amezaliwa. Kazi ilifanywa kwa ustadi, na mtu akitazama juujuu haoni kitu.

Alijua yote hayo, akaifunga simu na kumwita mteja. Moyoni alijiambia kwamba anayetaka elimu yake anapajua dukani kwake. Aje aulize kwa mdomo wake.

Pengo aliloliacha halikukaa wazi. Siku ya pili akajitokeza mtu aliyejiita Kanali, ambaye sare pekee aliyowahi kuvaa maishani ni ya shule. Huyu alikuwa muungwana. Alimkaribisha dada, akampa pole, akamwombea mama nafuu, kisha akamshauri alijaze tangi maji pomoni, avikaze vifuniko, na alilaze ndani ya friza hadi asubuhi. Maji yakiganda hutanuka, nayo yatausukuma mbonyeo nje bila nyundo wala moto. Yeye alikwisha kufanya hivyo kwa birika la shaba. Watu wakammwagia vidole gumba. Bi Barafu alishukuru sana, akasema kwamba friza ndicho kitu ambacho Mungu amemjalia, na kwamba jioni ya leo, akifunga duka, ataiweka.

Fundi aliyakuta hayo mchana, tonge likiwa mkononi. Maji yanapoganda hayana adabu ya kuchagua mahali. Husukuma palipo dhaifu, na palipo dhaifu palikuwa kitakoni. Akaliacha tonge na kuanza kuandika, akikibonyeza kioo cha simu kana kwamba anaua kunguni.

“Unamwandikia nani?” mkewe akauliza.

“Wajinga.”

“Basi nisalimie wifi yangu, maana nasikia yumo.”

Ujumbe ulianza hivi: “Kanali wa mapazia, shaba umeiona kwenye vitasa vya milango ya watu. Na wewe muuza barafu, hukutosheka kunyang'anya, sasa unagandisha.” Baada ya hapo yakafuata maelezo ya kitako, ya mfua bati, ya kijiti cha kuvutia mbonyeo, yaliyonyooka na kutimia kuliko somo lolote lililowahi kutolewa pale. Yalidumu kwa muda wa kumeza mate. Mwenyekiti aliufuta ujumbe wote, akamfunga mdomo hadi mchana wa siku ya pili.

Fundi alimwandikia Mwenyekiti faraghani, akamlaumu kwamba amefuta onyo la maana. Mwenyekiti akamjibu bila kuchelewa.

“Baba, niandikie hilo onyo peke yake, pasipo matusi, nami nitaliweka sasa hivi kwa jina lako. Mistari miwili inatosha.”

Mlango ulikuwa wazi, na kizingiti chake kilikuwa kifupi. Fundi aliandika neno “Tafadhali”, akalitazama, akalifuta. Ilikuwaje yeye, mwenye elimu ya kundi lile lote kichwani, aombe ruhusa ya kusema kwa mwanamke anayedhani kila mtu ni mwanafunzi wake? Akarudi kwenye mashine. Alasiri ile alisaga lenzi za mteja mmoja, akaiweka ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, na mteja akatoka dukani akiinua miguu kama anayepanda ngazi.

Jioni mkewe, aliyekwisha kulielewa jambo lote, alimwekea simu yake mwenyewe juu ya meza.

“Namba ya wifi hiyo hapo. Sema maneno matano, ukate.”

“Amenizuia. Sibishi hodi kwa mtu kwa mkono wa mke wangu.”

“Mume wangu, haya si ya wewe na yeye. Ni ya mama.”

Fundi akainuka, akaenda kuvipanga upya vitambaa vya manjano. Saa ambayo dada yake hufunga duka aliijua. Aliisikia ikipita.

Jumamosi asubuhi alitoka bila kunywa chai, akatembea haraka hadi mtaa wa pili. Dada yake ndiyo kwanza anafungua. Makreti ya soda yalikuwa bado nje, na sakafu ilikuwa na maji ya deki. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta, uso umeelekea mlangoni kunakotoka mwanga.

“Nani huyo?” mama akauliza.

“Mteja,” dada akasema. Hakumwamkia kaka yake.

“Fungua friza,” Fundi akasema.

“Hapa watu husalimu kwanza.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kumbe mteja ni wewe.”

Dada akajifuta mikono kwa kanga. Alisema kwamba ameelewa: kundini amefungwa mdomo, kwa hiyo matusi yaliyobaki ameyaleta kwa miguu. Fundi alisema kitako kiliwahi kulehemiwa, yeye na baba walikipeleka, barafu itakifumua. Alisema kwa haraka, bila neno moja la kuuma, na yalikuwa ndiyo yale maneno mawili matatu aliyoombwa na watu wawili jana yake.

Dada akaifungua friza, akaondoa vifurushi vya barafu, akatoa tangi likiwa limeviringishwa kwenye taulo. Alilifunua juu ya kaunta. Mbonyeo ulikuwa umetoka. Ubavu ulikuwa laini kama yai, na Kanali angeona fahari. Lakini chini, kitako kilikuwa kimepasuka nusu ya mzunguko na kupinda nje kama mdomo wa mtu anayedharau, na barafu imechungulia katikati. Shaba yenyewe ilikuwa imechanika.

Mama alinyoosha mkono. Vidole vyake vikapita ubavuni, akatabasamu: “Umetoka.” Kisha vikashuka chini, vikasimama.

“Ulijua lini?” dada akauliza.

“Ulipouliza.”

“Alhamisi?”

“Alhamisi. Na jana niliandika yote.”

“Nilisoma hadi kwenye kunyang'anya, nikaacha. Nilikuwa na wateja.”

Fundi akasema anaweza kuiunga, apewe wiki. Dada akasema ataipeleka kwa mwingine. Fundi akasema hakuna mwingine anayeweza. Dada akasema basi itakaa hivyo hivyo, na mama ataushika ule upande uliopona. Wote wawili walikuwa wamepandisha sauti, na mnunuzi mmoja aliyefuata barafu aligeuka pale mlangoni akaenda zake.

“Mwanangu,” mama akasema, “baba yako alipokupeleka kwa mfua bati, nani mwingine alikuwepo?”

“Mimi na yeye tu.”

“Na yeye amekwisha kufa.”

“Ndiyo, mama.”

Mama alilisukuma tangi taratibu hadi likamgusa binti yake mkononi.

Mchana kifungo cha Fundi kilipoisha, alikuta ujumbe mrefu wa Bi Barafu, pamoja na picha ya kitako kilichofumuka. Alimshukuru Kanali kwa nia njema, akaomba asilaumiwe, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua. Akawaasa wenzake wasiligandishe tangi ambalo historia yake hawaijui: kwanza walipindue, wapitishe ukucha kwenye ukingo wa kitako, na wakihisi mstari wa lehemu waache. “Elimu hii nimeipata leo asubuhi,” alimalizia, “kwa kaka yangu mkubwa, Fundi wa miwani, anayejua kuliko sisi sote. Alikuja dukani kwangu mwenyewe, kwa miguu.”

Hapakuwa na neno hata moja ambalo Mwenyekiti angeweza kulifuta. Chini yake watu walikuwa wamejipanga. Kumbe Fundi ana moyo, waliandika. Heko, Fundi, kwa kumkimbilia dada yako. Kanali mwenyewe aliomba radhi, akasema angefurahi siku moja kuketi miguuni pake ajifunze. Zilikuwa shukrani nyingi kuliko alizowahi kupewa tangu ajiunge, na kila aliyezituma alizituma kwa moyo safi. Alitafuta la kuwajibu. Aliandika, akafuta.

Mkewe akaweka sahani mezani. “Leo wanasemaje?”

“Wananishukuru.”

Mkewe alimtazama, kisha akamsogezea maji ya kunawa. “Pole,” akasema.