Karate ya Chumba cha Cherehani

Mtaani kwetu wanasema shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, aliikimbia karate kwa aibu. Wanaosema hivyo ni walewale waliompelekea watoto wao awafundishe, wakawa wanamwamkia kwa heshima mpaka siku ya kucheka ilipofika. Naandika ilivyokuwa, kwa sababu jina lake ndilo langu na la binti yangu, na jina la ukoo si kitambaa cha kila mtu kujifutia mikono.

Shemeji ni fundi cherehani. Karate aliianza ujanani, kwa kitabu kisicho na jalada alichokipata kwa muuza vitabu vikuukuu. Picha moja ilionyesha mguu ukiwa chini, ya pili mguu ukiwa juu. Kilichotokea katikati alijijazia mwenyewe. Baadaye zikaja kanda za video, kisha simu. Jioni akishafunga kazi, aliiegemeza simu kwenye gurudumu la cherehani, akamfuatisha mtu wa ndani ya kioo mpaka shati likamganda mgongoni.

Mume wangu alikuwa akimtania. "Mdogo wangu, siku ukivamiwa utamwambia mtu asubiri ufungue ukurasa?"

"Kaka, kitabu hakinichoki. Mwalimu ana siku zake mbaya."

Watoto walianza kwa kuchungulia dirishani, wakaishia ndani. Aliwashonea sare za kitambaa kizito cheupe, kila mmoja kwa vipimo vyake, na nathubutu kusema hakuna wapiganaji waliowahi kuvaa vizuri kama wale. Mtaa ukambandika jina, Sensei Sindano. Binti yangu ndiye aliyekuwa akitangulia mstari.

Kisha nesi mmoja akahamishiwa hospitali ya mtaani kwetu, mwanamke mfupi, mdogo kwa shemeji kwa umri, aliyefundishwa karate na mtu aliyefundishwa na mtu. Akapewa ukumbi wa shule kwa mazoezi ya jioni. Kwa adabu kabisa akamwalika shemeji alete wanafunzi wake, na wazazi tukaenda kutazama.

Watoto walianza vizuri. Walipofika katikati ya mfululizo wa mapigo, wote kwa pamoja walifupisha hatua, wakabana kiwiko ubavuni, wakapita kiubavu. Nesi akawarudisha mwanzo. Wakafika palepale, wakabana tena.

"Hapo mnakwepa nini?" akauliza.

Wakatazamana. Mtoto wa dobi ndiye aliyejibu: "Meza ya kukatia."

"Meza gani?"

"Ya Sensei. Na hapa kwenye kiwiko huwa kuna pasi ya moto."

Ukumbi ulikuwa mpana, mtupu, hauna hata kiti katikati. Wazazi walicheka wakashikana mabega. "Kumbe tumefundishiwa watoto kukwepa pasi!" alisema mama mmoja, na wa pembeni yake akadakia, "Afadhali, angalau hawataungua!" Shemeji alisimama kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Nesi hakucheka. Alikuwa akimtazama miguuni. "Fundi, hilo goti linauma tangu lini?"

"Haliumi."

"Nakuuliza kama nesi."

Shemeji akainamisha kichwa. "Miaka. Nilidhani ndiyo karate yenyewe."

Njiani kurudi alisema atajiunga na darasa la nesi, nami nikamwambia nilichokiona haki. "Shemeji, fundisha watoto wako hukohuko chumbani, sogeza meza, basi. Mtu wa nyumba yetu hasimami mkiani mwa watoto aliowafundisha mwenyewe."

"Shemeji yangu, maisha yangu yote nimetaka mtu mmoja wa kuniambia nimekosea. Simu haisemi."

Akafunga mkanda mweupe wa wanaoanza, akasimama ukumbini wa mwisho, nyuma ya mtoto wa dobi. Wazazi walipita mlangoni wakinong'ona. Mimi niliketi mbele, nimenyoosha mgongo, ili wanione.

Jioni ya kwanza nesi alipiga magoti sakafuni, akaushika mguu wa shemeji kwa mikono miwili. Kumbe ukigeuka, wayo nao unatakiwa kugeuka. Shemeji alikuwa akiukita chini kama msumari, akalisokota goti. Picha za kitabu hazikuonyesha wayo ukisogea. Na kwenye video, suruali ni pana mno, kisigino hakionekani. Alirudi nyumbani ananionyesha huku akishika kiti, anacheka peke yake. Sikuwahi kumwona vile tangu tulipomzika kaka yake.

Furaha hiyo haikumaliza msimu. Goti lilimwacha wakati wa kupasha mwili moto, kabla hata ya pigo moja. Daktari alisema kilicholika ndani hakirudi, na karate iishe. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Siku hizi anaikanyaga kwa mguu wa kushoto, mishono inachelewa, na wateja wana ndimi.

Nesi alikuja nyumbani kumjulia hali. "Ungekuja kwangu ukiwa kijana, ningeliona hilo goti wiki ya kwanza tu."

"Wakati huo ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Nilikuwa mtoto wa kubebwa."

"Kwa hiyo kosa langu ni kutokusubiri ukue." Alicheka yeye. Nesi alitazama chini.

Wanafunzi wote wako ukumbini sasa, binti yangu pia. Juzi alipita kwa fundi akiwa na sare yake, akataka amwonyeshe jambo lililomshinda. "Baba mdogo, hapa mkono unatangulia au nyonga?"

Shemeji alisimamisha cherehani. Nilikuwa mlangoni, nikaona midomo yake ikiwa imeshaanza jibu. Akaifunga.

"Kamwulize mwalimu wako."

"Lakini wewe unajua."

"Nikikujibu utaniamini, hata nikikosea. Nenda, mama."

Binti alinigeukia mimi, macho yamejaa machozi. Nikamwambia afanye alivyoambiwa na baba yake mdogo.